Pongezi kwa Mtu Mwenye Huruma

Gundi ya unga wa muhogo ikilala usiku mmoja tu huanza kunuka kama mguu uliotoka ndani ya buti, na Kasoki, aliyekuwa na pua isiyosamehe, hakukubali kutumia gundi ya jana. Aliipika upya kila alipokuwa na kazi, akaikoroga mpaka ikalainika kama uji wa mtoto mchanga. Jina lake la ubatizo lilikuwa Marcelline, lakini waliolitumia ni masista na wageni wa mume wake tu. Alikuja Goma kutoka Butembo kumfuata mumewe, Julien Kamate, karani katika kampuni ya kahawa. Katika mtaa wao wa makarani alijulikana kwa mambo mawili: usafi uliowachosha majirani, na kadi zake.

Ufundi wa kadi aliupata kwa masista, kwenye darasa la akina mama. Wenzake waliacha baada ya kujifunza kufuma vitambaa vya meza; yeye akaendelea. Mihuri aliichonga mwenyewe kwa wembe kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akaibandika juu ya vipande vya mbao: ua, njiwa, kikombe cha misa, na herufi zote, zimechongwa kinyume ili zikipigwa kwenye karatasi zisomeke sawasawa. Wino wa zambarau Julien alimletea kutoka ofisini. Karatasi za maua aliziokota popote alipoziona, ndani ya maboksi ya biskuti, au mabaki ya karatasi za ukutani yaliyotupwa na hoteli za kando ya ziwa. Alikata, akapanga, akabandika, akapiga muhuri. Watu walikuja kwake kwa ajili ya ubatizo, komunyo ya kwanza na ndoa, wakatoka wameishika kadi kwa vidole viwili kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, enzi za Wabelgiji, Julien aliporudi kutoka kazini siku moja uso unang'aa. Rafiki yake Adalbert Habarurema, karani wa serikali, alikuwa amepewa karte ya merite sivike, ile karatasi ambayo wazungu walimpa mtu mweusi waliyemwona amestaarabika. Kila karani wa Goma aliitamani. Haikutolewa bure. Kwanza komisyo, kamati ya wazungu wakaguzi, ilikuja nyumbani kwako, ikafunua sufuria, ikainama kutazama chini ya kitanda, ikachungulia choo, ikauliza kama mke wako anakula mezani pamoja nawe na kama anajua kushika uma.

Lakini kilichomfikisha Adalbert, Julien alieleza, hakikuwa uma. Siku ya komisyo, wazungu walipokuwa uani, bibi mmoja mzee alitokea nyuma ya nyumba anakohoa, nguo imechanika. Wakauliza ni nani. Adalbert akawaambia ni mjane asiye na mtu, amemwokota kwenye njia ya Munigi, na sasa anamlisha kwa sababu dini inataka hivyo. Mkubwa wa komisyo alimpa mkono mbele ya wote. Kwa hiyo Serkle, chama cha makarani na walimu waliosoma, kilikuwa kinaandaa sherehe, na kadi ya pongezi lazima itoke mikononi mwa Kasoki. Maneno yalikuwa yameshachaguliwa, kwa Kifaransa: pongezi kwa ndugu yetu, mtu mwenye huruma.

Kasoki alilipenda jambo lile. Alimjua Adalbert kama mtu wa viatu vya kung'aa na maneno mengi, na akaona haya kidogo kwamba hakuwahi kumdhania wema. Akachukua karatasi yake nzuri kuliko zote, yenye mawaridi mekundu juu ya rangi ya maziwa, akakata ukingo. Ilipungua kidogo. Akakumbuka kwamba Eugénie, mke wa Adalbert, alikuwa amepamba rafu zake kwa karatasi ya namna ileile na kumwahidi mabaki. Asubuhi iliyofuata akaenda kuyaomba.

Eugénie hakuwepo. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, na Kasoki alizunguka uani akidhani atamkuta anafua. Kabla hajafika, harufu ilimpokea. Ni banda la kuku, limejengwa kwa mawe meusi na kuezekwa kwa mabati chakavu, fupi hata mtu asingeweza kusimama ndani. Mlangoni palikuwa na sahani ya bati yenye ugali uliokauka, nzi wameufunika. Akaweka mtandio puani, akageuka aondoke. Hapo ndipo mtu akakohoa mle ndani.

Bibi alitoka kwa magoti. Manyoya yalikuwa kwenye nywele zake nyeupe, na mavi ya kuku yamekauka begani mwake, mahali ambapo kuku wamezoea kulala juu ya mtu. Nyuma yake Kasoki aliona mkeka umelowa na blanketi la rangi isiyojulikana tena.  Akamsalimu. Bibi akaitikia kwa adabu, akajipangusa mikono kwenye nguo kabla ya kumpa mkono, na Kasoki akaupokea, ingawa kila kidole chake kilitaka kurudi nyuma.

Alimwambia kwamba amefuata karatasi ya kutengeneza kadi, ya kumpongeza bwana wa nyumba. Uso wa bibi ukafunguka. Alitaka kujua kadi ni kitu gani, ina rangi gani, watu wangapi wataiona. Aliuliza maswali hayo kwa furaha ambayo haikufanana na furaha ya mtumishi. Kisha Kasoki akamtazama vizuri, akaliona paji lile pana, na jicho la kushoto lililolegea kidogo, kama la Adalbert anapocheka.

"Mama, wewe ni nani kwake?" aliuliza.

Bibi alitazama upande wa barabara kwanza. "Ni mutoto yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ule wa mwisho. Wengine walikufa. Usimuambie mutu, mama. Wazungu wakijua, watamunyang'anya ile karatasi yake."

Jina lake lilikuwa Nyiransengimana. Alieleza mambo yake kwa utulivu, kama mtu anayeeleza safari ya sokoni. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wawili ili Adalbert asome kwa mapadri. Nyumba yake ya Munigi ilipobomoka alikuja kwa mwanawe, akalala jikoni. Halafu habari za komisyo zikaanza. Mtoto akamwambia kwamba wazungu hawapendi kuona mzee asiyejua kusoma, anayetema tumbaku na kulala chini, na kwamba itakuwa kwa siku chache tu. Siku walipokuja alikohoa, kikohozi hakimsikii mtu, akatoka nje kwa ajili ya hewa. Sasa mtoto anasema avumilie, maana wakubwa hupita mara kwa mara, na wakimkuta kitandani watajua kwamba walidanganywa.

Kasoki alirudi nyumbani bila karatasi. Aliosha mikono kwa sabuni, akaiosha tena, lakini kilichomnukia hakikuwa mikononi. Alipoitazama kadi juu ya meza, na yale maneno aliyoanza kuyapiga, mtu mwenye huruma, kwa herufi alizozichonga yeye mwenyewe, aliona kinyaa kama aliyekuta nywele ndani ya chakula baada ya kumeza.

Julien alipokuja kula mchana, akamsimulia yote. Alitegemea mumewe aweke kijiko chini. Julien aliendelea kutafuna.

"Najua," alisema. "Sisi wote tunajua."

Kasoki akamuuliza wote ni akina nani. Ni Serkle nzima, Julien alijibu, hakuna asiyemjua mama wa Adalbert, kuna waliokula maharagwe yake tangu wakiwa shuleni. Lakini mambo ya wazungu yana mlango mwembamba, na kila mtu anajikunja anavyoweza ili apite. Adalbert akipita leo, kesho atapita mwingine. Yeye Julien mwenyewe amepeleka ombi lake. Akasema pia kwamba mzee analishwa, hapigwi, na hajalalamika. Alisema hayo huku akimung'unya mfupa wa samaki, mafuta yanamtiririka kwenye kidevu, na Kasoki akatazama kile kidevu alichokipenda tangu usichana wake, akainuka akatoka nje.

Alikusudia kuitia kadi motoni. Kilichomzuia ni uso wa bibi alipokuwa akiulizia rangi. Basi akapika gundi, akamaliza kazi kwa mikono mizito, akaweka njiwa juu na maua kwenye pembe, na Julien akaipeleka Serkle ikasainiwa nyuma. Adalbert na Eugénie walipokwenda misa ya Jumapili, aliifunga kadi kwenye kitambaa, akampelekea Nyiransengimana. Alimpelekea pia uji na nguo safi, na kabla ya yote akamwogesha pale uani. Maji yalitoka meusi. Mgongoni kulikuwa na vidonda vya viroboto, vingine vimetunga usaha, na Kasoki alivisafisha huku ameziba pumzi na machozi yanamtoka, hajui ni ya huruma au ya harufu.

Bibi aliitazama kadi kwa muda mrefu. Alipitisha kucha juu ya kila waridi bila kuligusa. Mwishowe akauliza kama wote waliochangia wameweka majina yao. Kasoki akamwonyesha sahihi za Serkle zilizojaa nyuma, ya Julien ikiwa ya kwanza.

"Na mimi niweke," bibi alisema. "Sijui kuandika. Lakini kwa kodi walikuwa wanatupiga kidole."

Kasoki alikuwa amebeba kidau cha wino. Akamshika kidole gumba, akakipaka zambarau, akakiongoza katikati ya ua moja lililobaki wazi, chini kabisa mbele ya kadi. Alama ilitoka safi, mistari yote inaonekana. Nyiransengimana alicheka bila sauti, akakaa na kidole chake juu ili wino usifutike.

Sherehe ilifanyika Jumamosi alasiri, nyumbani kwa Adalbert, kwenye sebule iliyojaa viti vya kuazima. Walimu walikuja na tai, makarani na wake zao waliovaa soksi licha ya joto. Kulikuwa na bia, na divai ambayo sasa Adalbert aliruhusiwa kuinunua. Julien ndiye aliyetoa hotuba. Alizungumza juu ya moyo, juu ya dini, juu ya mjane wa njia ya Munigi, na hakuna hata mmoja aliyeinamisha macho. Waliitikia kwa vichwa. Mwalimu mmoja alipangusa jicho. Kasoki aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowapikia, aliowatengenezea kadi za ubatizo wa watoto wao, akahisi kama anaona nyama nzuri ikigeuzwa upande wa pili, na upande wa pili una funza.

Kisha kadi ikazungushwa mkono kwa mkono. Ilipomfikia, aliona kuna kitu si chake. Chini, mahali pa kidole, palibandikwa kipande cha karatasi ya mawaridi, kimekatwa ovyo, kimekunjamana, gundi bado mbichi kandokando. Akainusa. Ilikuwa gundi iliyochacha. Akamgeukia Julien. Mumewe akamnong'oneza kwamba palikuwa na uchafu pale, mtu ameshika kwa kidole cha wino, na yeye amepatengeneza asubuhi ili mke wake asiaibike. Kasoki hakuweza kujua kama kweli hakuelewa, au alielewa vizuri sana. Mpaka mwisho hakuuliza.

Wakati huohuo mlango wa jikoni ulifunguliwa, na Nyiransengimana akaingia amebeba sinia la chupa. Walikuwa wamemvika aproni nyeupe.  Adalbert alimwelekeza kwa kidole, anza na wageni wa mbele, kwa namna mtu anavyomwelekeza mtumishi ambaye jina lake halijui.

Kasoki akasimama. Alimpokea sinia, akaliweka mezani, akavuta kiti chake mwenyewe.

"Mama ya Adalbert, kaa hapa," alisema, si kwa ukali, lakini kwa sauti ya kufika pembe zote za sebule. "Leo ni siku ya mutoto yako. Wengine watahudumia."

 Eugénie alitazama sakafu. Adalbert hakusogea, glasi yake ilibaki hewani, na katika uso wake Kasoki hakuona aibu, aliona hesabu. Lakini aliyejibu ni bibi mwenyewe. Alirudi nyuma hatua, akalishika sinia tena kwa mikono yote miwili.

"Hapana, madame," alisema. "Mimi ni mutumishi tu hapa. Sina mutoto."

Alisema hivyo akitabasamu, anawatazama wageni, kana kwamba anawaomba wamwamini. Adalbert akashusha pumzi. Kisha akacheka, akainua glasi, akawaambia watu waone jinsi madame Kamate alivyo na roho nzuri, kila mzee kwake ni mama wa mtu. Wakacheka naye, wote, kicheko cha watu waliofunguliwa kamba. Mazungumzo yakarudi. Mtu akamwekea Kasoki bia mkononi, na alipoinywa ilikuwa na ladha ya maji ya kuogea yale aliyoyamwaga Jumapili.

Alitoka nje, akapita banda la kuku, akainama juu ya mawe meusi, akatapika mpaka hapakubaki kitu.

Nyiransengimana hakuumaliza mwaka. Kikohozi kilimchukua wakati wa mvua. Adalbert alimzika Munigi, mbali na macho ya wakubwa, akarudi kazini kesho yake bila kitambaa cha msiba. Kwa Serkle alisema yule mjane amefariki. Walimpa pole kama mtu aliyepoteza mtumishi mzuri, na mmoja wao akaja kumwomba Kasoki kadi ya rambirambi. Kasoki alimjibu kwamba hana karatasi. Tangu siku ile hakumtengenezea mtu yeyote wa Serkle kadi, na walipoacha kumsalimu vizuri, hilo halikumnyima usingizi.

Baada ya Pasaka, baba yake mzazi, muzee Kambale, aliletwa kutoka Butembo kwa lori. Mguu wake ulikuwa na donda lililokula mpaka karibu na mfupa, na hospitali ilikuwa Goma. Kasoki alimpa chumba cha wageni. Donda lile lilinuka kuliko kitu chochote alichowahi kukikuta, harufu tamu na nzito inayoshikamana na mapazia. Kila asubuhi na jioni alilisafisha akipumua kwa mdomo, na baada ya kulifunga alikwenda nyuma ya nyumba kusimama kidogo peke yake. Muzee alijua. Alikuwa akiomba radhi kwa macho, na yeye akijifanya hakuona.

Juma lilelile Julien alipata habari kwamba komisyo itakuja kwao.  Kisha akasema, akiwa amegeukia dirisha, kwamba kule Keshero kuna familia za Butembo, watu wema, na muzee angefurahi kukaa nao siku mbili tatu, azungumze Kinande chake.

"Papa hatoki," Kasoki alimwambia. "Ukitaka atoke, tunatoka naye pamoja. Utawafunulia sufuria wewe mwenyewe."

Julien hakulitaja tena.

Walikuja asubuhi, wazungu wawili wanaume na madame mmoja mwenye kofia. Walifunua sufuria. Walipitisha kidole juu ya kabati, wakakitazama. Madame aliinua shuka la kitanda cha ndoa, akalisogeza karibu na pua, na Kasoki, aliyelifua kwa mikono yake, alihisi mwili wote umemsisimka kama aliyepitiwa na konokono. Mwishowe wakafungua mlango wa chumba cha wageni. Muzee Kambale alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya kigoda, bendeji imeanza kulowa rangi ya manjano. Madame akatoa leso. Mkubwa wao akarudi nyuma hatua moja, akamuuliza Julien mtu huyu ni nani.

Julien alifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Kasoki alisimama mlangoni na kumtazama. Aliona macho ya mumewe yakienda kwa mzungu, kwa muzee, yakarudi kwa mzungu. Haukuwa muda mrefu. Mtu asiyemjua angesema anatafuta neno la Kifaransa. Lakini Kasoki alimjua, na alisikia ndani ya ukimya ule mambo yote yakipimwa, njia ya Munigi, mjane asiye na mtu, mkono wa pongezi.

"Ni baba mkwe wangu," Julien alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Baba wa mke wangu. Anaishi hapa."

Wazungu wakaitikia kwa kichwa, wakaaga, wakaondoka. Hakuna jibu lililokuja, mwezi ule wala ule uliofuata. Julien alikoma kwenda kwenye Serkle, kwanza kwa kisingizio cha kazi, halafu bila kisingizio.

Jioni ya siku ile ya komisyo yeye mwenyewe alichemsha maji. Aliyaleta chumbani kwenye beseni, akaliweka chini karibu na kigoda. Pengine alitegemea kusikia neno zuri. Kasoki alikuwa anafungua bendeji, na harufu ilikuwa imeshajaa chumba. Alijua kwamba ukimya ule mfupi wa asubuhi ataendelea kuusikia kwa miaka, hata siku ambazo mume huyu atamfurahisha. Julien aligeuza uso ukutani na kufunika pua.

"Toa mkono puani," Kasoki alisema. "Mushike mguu, nioshe chini."

Julien akapiga magoti. Aliushika ule mguu kwa mikono miwili, mmoja kisiginoni, mwingine chini ya goti, na usaha ukamtiririkia kwenye mkono wa shati lake jeupe. Akafumba macho, jasho likamtoka. Muzee akamwambia samahani. Kasoki hakufanya haraka. Aliosha polepole, pande zote, mpaka maji yalipopoa.